Shangazi Fundi: Mota haina kosa, baba

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni kijana wa Uyole, hapa Mbeya. Nimeunda kigari cha rimoti cha kukimbiza kwenye vumbi na mawe, kipimo cha 1/10, kinavuta kwa magurudumu yote manne. Mota ni ile isiyo na brashi, kidhibiti mwendo ni cha ampea 60, betri ni lipo ya seli mbili. Njia ikinyooka kinapaa. Lakini nikikata kona kali huku nimekazia moto, kinazima kama sekunde mbili, taa ya risiva (kile kinachopokea mawimbi ya rimoti) inapepesa, halafu kinawaka tena kama hakijafanya kitu. Nimeshabadilisha mota mara mbili. Na sevo (kimota cha kupinda magurudumu) nikipeleka usukani mpaka mwisho inavuma, ila nadhani ndivyo zilivyo. Nisaidie, hela imeisha.

JIBU: Marahaba, baba. Pole kwa hela. Hizo mota zitunze, hazina ugonjwa. Ugonjwa umeuandika mwenyewe mwishoni, ukaupisha kama mke wa Kinyakyusa wa zamani anavyompisha baba mkwe njiani: sevo inavuma.

Sevo ikishafika inapotakiwa hunyamaza, au hulia kidogo sana. Inayovuma mfululizo inasukuma kitu kisichosogea. Ama fimbo yako ya usukani umeikata vibaya, ama rimoti inaiamuru sevo iende mbali kuliko magurudumu yanavyoweza kupinda. Basi inasukuma tu, na sevo iliyokwama hula umeme mwingi kuliko inayotembea.

Umeme huo inautoa wapi? Hapo ndipo vijana wengi wanaoniletea vigari hivi Mwanjelwa wanapopotea. Ndani ya kidhibiti mwendo mna kisaketi kidogo kinachoshusha volti za betri, ambazo ni 8.4 ikiwa imejaa, hadi 6 hivi, kisha kinalisha risiva na sevo kwa pamoja. Chungu kimoja, walaji wawili. Sevo ikichota kwa pupa, volti zinaporomoka, risiva inazima na kuanza upya. Ndizo hizo sekunde zako mbili. Ukikazia moto wakati huohuo, mota nayo inailegeza betri yenyewe, na kile kisaketi kinabaki hakina cha kugawa. Mota inasimama kwa kuwa haina wa kuiamuru.

Usiniamini, pima. Chomoa fimbo kwenye mkono wa sevo, washa, peleka usukani kushoto na kulia. Kama imenyamaza, mwizi umemshika. Sasa pindisha magurudumu kwa mkono uone yanagota wapi, rekebisha urefu wa fimbo, irudishe, kisha ingia kwenye rimoti pale palipoandikwa EPA, yaani mpaka wa mwendo wa sevo kila upande. Punguza upande mmoja mpaka mvumo uishe, halafu upande wa pili. Weka sikio karibu na gari; macho hayatakusaidia hapa.

Ukitaka ushahidi zaidi, kwenye plagi inayotoka kidhibiti mwendo kwenda risiva, toa waya mwekundu tu. Ni ule wa katikati. Inua kile kilimi cha plastiki kwa ncha ya pini nao unatoka, uufunge kwa utepe. Kisha lisha risiva kwa betri nne za kuchaji saizi AA, volti 4.8, kupitia tundu lililo wazi. Kigari kikikata kona bila kuzima, umemaliza kesi.

Kama baada ya hapo kinazima mara mojamoja, chomeka kapasita (kidude kinachotunza umeme kidogo) ya volti 10 au 16, kuanzia mikrofaradi 1000, kwenye tundu la risiva lisilotumika. Utaipata kwenye ubao wa deki iliyokufa. Iliyovimba kichwa usiichukue. Angalia hasi na chanya mara mbili. Mwaka nilioanza kazi nilifunga moja kinyume, ikapasuka mbele ya mteja, makaratasi yake yakanijaa kwenye kilemba kama pamba. Mteja alicheka mpaka akasahau kudai redio yake.

Na kabla hujarudi uwanjani, iambie risiva ikipoteza mawimbi ikate moto. Kigari kinachokimbia bila dereva hakibagui mguu wa mtoto.

SWALI: Kamwene shangazi. Niko Kihesa, Iringa. Nyaya nene za betri nikizilehemu kwenye plagi zinashika, siku mbili zinaachia. Pasi yangu ni ya wati 30.

JIBU: Kamwene, mwanangu. (Wiki hii nimeletewa pia barua tatu za mapenzi kwa sababu ya hilo jina Shangazi. Wenye barua wajue sina jibu.)

Wati 30 ni za nyaya za redio. Waya mnene unakunywa joto, risasi inaganda juu kabla haijashika shaba, inabaki kijivu na chengachenga kama ugali wa jana. Tafuta pasi ya wati 60 au zaidi, yenye ncha pana. Paka risasi kwenye waya peke yake, paka kwenye plagi peke yake, ndipo uvikutanishe. Tena ingia ndani ufunge dirisha. Ukilehemu kibarazani na upepo wenu wa Iringa, unapasha moto Mkoa mzima.

Ukibadilisha plagi ya betri, kata waya mmoja, uulehemu mpaka mwisho, uufunike, ndipo ukate wa pili. Nyaya zote mbili kwa mkasi mmoja ni shoti papo hapo. Mkasi wangu una pengo katikati ya meno mpaka leo, na bado naukatia utepe.