Nilijua, lakini nilinyamaza

Swali lenu la wiki hii, "Je, mila za taifa hubadilisha namna ya kufanya biashara, au biashara ni biashara popote?", limenigusa sana. Mimi ni karani wa kampuni ndogo ya malori hapa Lubumbashi, na nusu ya kazi yangu ni kutafsiri kati ya mzee wetu na wateja wa nje. Nimeona mila zikibadilisha hata maana ya neno "ndiyo".

Mwaka jana alikuja Mjerumani mwenye mashine ya mgodini iliyoshushwa Durban. Aliingia ofisini saa tatu kamili asubuhi, akamwita mzee kwa jina la ukoo, akaketi na kuuliza: lori litafika Alhamisi? Mzee alikuwa bado kwenye habari za safari na za watoto, maana kwetu huulizii mzigo kabla hujamuulizia mtu. Akajibu, "Ndiyo, Mungu akipenda." Maana yake: nimekusikia, umetoka mbali, sitakuvunja moyo. Mjerumani akaandika "Alhamisi" kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake.

Asubuhi ileile nilikuwa nimeongea na dereva. Alikuwa amekwama kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, upande wa Zambia, karatasi zake hazijaguswa. Kasumbalesa si mbali, kilomita 90 hivi, lakini foleni ile haihesabiwi kwa kilomita. Nilijua Alhamisi haiwezekani. Nikanyamaza. Mtoto hamkosoi mzee mbele ya mgeni. Ndivyo nilivyolelewa, na wengi wenu pia.

Lori likaingia Jumatatu. Kreni na watu wake walikuwa wamelipwa siku zote hizo bila kuinua kitu. Mgeni hakupaza sauti. Aliniuliza mimi, si mzee: "Ulijua?" Nikasema nilijua. Alinitazama kwa muda mrefu, na mtazamo ule sijausahau. Kwake ukimya wangu ulikuwa uongo. Kwa mzee, kama ningesema pale pale, ungekuwa utovu wa adabu.

Mtafiti Mholanzi, Geert Hofstede, alichambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM wa nchi nyingi, akachapisha matokeo ya nchi 40 mwaka 1980, na baadaye akaongeza nyingine. Moja ya vipimo vyake ni umbali wa madaraka: jinsi walio chini wanavyoona ni kawaida kwamba mkubwa ni mkubwa. Ujerumani ilipata alama za chini. Kipimo chenyewe nakipokea kwa uangalifu, kwa kuwa jirani zetu wa Zambia aliwatia kapu moja na Kenya, Tanzania na Ethiopia. Hata hivyo, siku ile ofisini nilikuwa nimesimama katikati ya umbali huo.

Tena si kila mgeni yuko mbali nasi. Baadaye walikuja Wachina, na mkubwa wao akatoa kadi yake kwa mikono miwili. Mzee, bila kufundishwa na mtu, akaipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kama tunavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa. Akaisoma taratibu, akaiweka mezani mbele yake. Mchina akainamisha kichwa. Hapo sikuwa na cha kutafsiri.

Salamu zetu sitaki mtu aziguse. Ukimya wetu ndio unaotugharimu. Jioni ile ya Jumatatu nilimwomba mzee radhi tukiwa wawili tu, nikamweleza nilichojua. Akauliza, "Mwanangu, kwa nini hukuniita nje?"

Tangu hapo, nikiwa na habari mbaya nasema, "Mzee, naomba dakika moja nje." Tunaongea koridoni, kisha anarudi kumpa mgeni tarehe ya kweli kwa kinywa chake mwenyewe. Juma lililopita mteja wa Afrika Kusini alitaka kujua siku ya kupokea mzigo. Mzee alinitazama kabla ya kujibu, akasimama mwenyewe, akaniambia, "Twende nje kidogo."