Bajeti ya ofisi ya mashtaka ianzie kwenye rejista

Ukitaka kujua jinsi bajeti nyingi za ofisi zetu za mashtaka za mkoa na wilaya zinavyoandikwa, angalia faili la mwaka jana. Mwaka umebadilishwa, kila kifungu kimeongezwa kidogo, halafu ukomo wa Hazina, yaani kiwango cha mwisho ambacho ofisi inaruhusiwa kuomba, ulipofika vyote vikapunguzwa kwa kiasi kilekile. Kwa miaka niliyokaa kwenye shughuli za mashtaka huku Kanda ya Ziwa nimeziona bajeti za namna hiyo nyingi kiasi kwamba naweza kuzitambua bila kusoma jina la ofisi. Zinapita, ndiyo. Lakini ikifika Februari, wakili anakwenda kikaoni na gari lisilo na mafuta.

Mdogo wangu uliyeteuliwa kuwa Wakili Mfawidhi, yaani mkuu wa ofisi ya mashtaka, kabla hujagusa jedwali lolote, fungua rejista ya mashauri. Mauaji mangapi yanasubiri kikao cha Mahakama Kuu? Mangapi yanatoka visiwani? Mangapi yanangoja taarifa ya Mkemia Mkuu wa Serikali? Rufaa je? Kesi ya bangi iliyofunguliwa Nyamagana, hapa mjini Mwanza, haigharimu sawa na ya mauaji yaliyotokea kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Ya kwanza, wakili anatoka ofisini anafika mahakamani asubuhi hiyohiyo. Ya pili, shahidi anavuka kutoka Ukara hadi Bugolora, anapanda gari hadi Nansio, ndipo apate meli ya Mwanza. Kikao kikihamishiwa Nansio, basi ninyi ndio mnaovuka, pamoja na majalada na vielelezo. Na hata pale posho ya shahidi inapotoka mfuko mwingine, kumtafuta ni kazi yenu. Wavuvi wanafuata samaki. Aliyeandika maelezo akiwa kambi ya kisiwa cha Irugwa, siku ya ushahidi unaweza kuambiwa yuko kisiwa kingine, Maisome, na simu haipatikani.

Hapo kwenye safari ndipo pesa inapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Hadi Juni 2022 kiwango cha juu cha posho ya safari za ndani kilikuwa shilingi 120,000 kwa siku, na cha chini 80,000. Kuanzia Julai mwaka huo cha juu kikawa 250,000 na cha chini 100,000. Ni haki ya mtumishi na mimi niliifurahia kama wengine. Ila piga hesabu: shilingi milioni 6 zilizokuwa zinalaza mtu wa kiwango cha juu siku 50, sasa zinamlaza siku 24. Ukiandika tu "safari za kikazi" na kuweka kiasi cha jumla, hakuna atakayeona tofauti hiyo, na anayekagua bajeti Dodoma atakuona unaomba fedha zilezile kwa kazi ileile. Andika siku za kulala nje, kituo kwa kituo, na aina ya mashauri yanayokupeleka huko.

Andika pia kilichopungua. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na safari ya Sengerema ambayo foleni ya kivuko ingeweza kukulaza njiani sasa ni ya kwenda na kurudi. Punguza siku za Sengerema mwenyewe, kabla hujaambiwa, uzihamishie Ukerewe. Ukionekana umekata pale panapokatika, ukisema Ukerewe hapakatiki unasikilizwa. Kome na Maisome bado ni maji, hakuna daraja huko. Na kwenye maji usiweke bei ya mtumbwi wa bei rahisi kuliko yote. Septemba 2018 MV Nyerere ilizama karibu kabisa na Ukara na zaidi ya watu 200 wakafa. Asitokee wakili au shahidi wa kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi kwa sababu wewe ulibana elfu kumi.

Kuna jambo la kalenda ambalo halisemwi sana. Mwaka wa serikali ni Julai hadi Juni. Mahakama Kuu inakwenda likizo katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari, kisha Siku ya Sheria, kisha kazi inaanza kwa kasi. Maana yake kalenda hizi mbili hazilingani: unapoandika bajeti, ratiba ya vikao vya mwaka huo haijatoka. Usibahatishe. Chukua vikao vya miaka mitatu iliyopita, uone vilivyojazana kati ya Februari na Juni, upange mgawanyo wa fedha kwa miezi kufuata picha hiyo. Kugawa kwa kumi na mbili sawasawa kunapendeza kwenye karatasi tu.

Sasa watu. Ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, inahesabu vichwa, kazi inahesabu siku. Una mawakili watano kwenye orodha: mmoja yuko likizo ya uzazi, siku 84 ambazo ni haki yake, mmoja yuko masomoni, mmoja amepata uhamisho wa kumfuata mwenza wake Dodoma. (Huu uhamisho wa kufuata mwenza ungekuwa na idara yake, ingekuwa na kazi kuliko sisi.) Umebaki na wawili, lakini kwenye mfumo unasomeka una watano, na kibali cha ajira mpya hakitakufikia kirahisi. Kwa hiyo ambatisha kwenye maombi yako siku za mahakamani zinazohitajika kwa mwezi na siku za mawakili zilizopo kweli.

Halafu, nasisitiza, usiombe mawakili peke yao. Nimewaona mawakili waandamizi wakitoa nakala za majalada, wakitafuta faili kabatini, wakiendesha gari wenyewe kwenda Misungwi. Mtunza kumbukumbu mmoja mzuri anakurudishia wakili nusu siku kila siku. Omba mtunza kumbukumbu, mwandishi mwendesha ofisi na dereva. Vijana wa kujitolea wanasaidia, lakini majalada yenye majina ya mashahidi wa ukatili wa kingono au ya watoto hayawekwi mikononi mwa kila anayepita ofisini kwa miezi mitatu.

Madeni ya watumishi yaweke mwanzo wa bajeti: uhamisho, likizo, matibabu. Anayedai fedha za uhamisho tangu mwaka juzi hawezi kuwa na moyo wa kubaki hadi saa moja usiku akiandaa mashahidi.

Kuhusu kupunguza mzigo wenyewe, zipo njia halali. Makubaliano ya kukiri kosa yamo kwenye sheria tangu 2019. Yakitumika vizuri, shauri linaisha bila kuvusha mashahidi kumi ziwani. Jalada bovu lirudishwe kwa wapelelezi mapema, kabla halijaanza kula nauli. Lakini kuwa mwangalifu. Ibara ya 59B ya Katiba inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Petroli haimo. Ukiona unaelekea kuliondoa shauri kwa sababu tu fedha za Matumizi Mengineyo, yaani za kuendeshea ofisi, zimekwisha, andika barua ngazi za juu ueleze hivyo waziwazi, na nakala yake ibaki kwenye faili la bajeti. Barua hiyo ndiyo kielelezo chako mwaka unaofuata watakapokuuliza kwa nini unaomba nyongeza.

Na ikifika Mei ukakuta kifungu fulani kina salio, omba uhamisho wa fedha mapema kwenda kwenye mashauri yaliyokwama. Ukingoja wiki ya mwisho ya Juni utaishia kununua toner.