Kabla ya Kupanda Uluguru, Uliza Upepo wa Bahari Unapiga Wapi

Anayetafuta shamba mlimani huuliza bei, kisha huuliza kama maji yapo. Kazi ya kuotesha miti imenizungusha pande zote za Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, na kwa niliyoyaona naomba uulize na haya: shamba limeelekea wapi, na liko mita ngapi juu ya usawa wa bahari? Hayo yatakueleza udongo kuliko rangi yake.

Vitabu vingi vya misitu viliandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani. Huko jua hukaa upande wa kusini, kwa hiyo mteremko unaotazama kusini hukauka na ule wa kaskazini hubaki na unyevu. Kanuni hiyo usije nayo Morogoro. Tuko nyuzi 7 hivi kusini ya Ikweta; jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, miezi mingine likiegemea kaskazini, mingine kusini. Kinachoigawa Uluguru ni upepo. Kusi na kaskazi hutoka baharini na unyevu wake, hugonga upande wa mashariki, hupanda, hupoa na kunyesha. Huko ndiko Kinole na Matombo, na kuna sehemu za mteremko huo zinazopata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka. Ukivuka kwenda Mgeta, magharibi, mvua inapungua sana, maana mawingu yameshaishiwa njiani.

Lakini mvua nyingi si rutuba nyingi, na hapa ndipo watu wanapoumia. Mashariki maji hupenya ardhini mwaka karibu mzima, yakiosha kalsiamu, magnesiamu na potasiamu. Tindikali inabaki, na ikizidi, aluminiamu iliyomo udongoni huyeyuka na kudumaza mizizi. Msitu unaishi hapo kwa sababu haupotezi kitu: jani huanguka, huoza, na mizizi myembamba iliyotandaa juujuu hunyonya chakula kabla mvua haijakichukua. Akiba yote iko kwenye miti yenyewe na kwenye tabaka jembamba la juu. Ukifyeka na kuchoma, majivu yatakupa mavuno ya misimu michache, kisha mahindi yatakuwa ya njano. Ndiyo maana nawapa heshima wakulima wa Kinole wanaolima mdalasini na pilipili manga chini ya miti mirefu. Wameuelewa udongo wao. Ukipata shamba upande huo, bakiza miti, na majani yake yaache yaozee palepale.

Serikali ya kikoloni iliwahi kupuuza jambo hili kwa gharama kubwa. Kati ya 1950 na 1955 ililazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Mgeta watu walikuwa na matuta yao tangu awali. Matombo, kuchimba ngazi kulifukia udongo mzuri wa juu na kuuweka wazi ule wa chini usio na kitu; watu walitoka jasho wakavuna kidogo. Mwaka 1955 upinzani ulifikia ghasia na mpango ukafa. Kwa hiyo mtaalamu akikushauri ngazi, muulize kwanza tabaka la juu lina unene gani na litarudishwa vipi.

Urefu wa mlima nao una hesabu yake. Kila ukipanda mita 100, joto hushuka kwa takriban nyuzi 0.6. Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi, na kilele cha Kimhandu kiko mita 2,630, basi piga hesabu mwenyewe ni baridi kiasi gani huko juu. Baridi hiyo huwachelewesha minyoo na bakteria. Majani hulundikana bila kuoza sawasawa, na udongo unakuwa mweusi, mwepesi, unaobonyea kama sponji. Mgeni akiushika anafurahi, lakini naitrojeni iliyomo, chakula cha mimea, bado imefungwa ndani ya mabaki ambayo hayajaoza. Ondoa kivuli, jua lipige, na weusi ule utaisha upesi kuliko ulivyojikusanya. Sponji hiyo pia ndiyo inayoshika maji ya Mto Ruvu, yanayonywewa Dar es Salaam. Huko juu pameshahifadhiwa kisheria, na mimi nasema paachwe.

Ukichukua sampuli za kupima, usichanganye udongo wa mashariki na wa magharibi, wala wa bondeni na wa mgongoni, kwa sababu wastani wake hautaeleza shamba lolote. Ondoa majani makavu, chimba hadi sentimita 20, chukua sehemu kadhaa za kimo kimoja na uelekeo mmoja, changanya hizo tu, kisha andika kimo na uelekeo kwenye mfuko. Simu nyingi zina dira na kipimo cha kimo. Maabara ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko palepale Morogoro. Omba wapime tindikali, fosforasi na mboji, na subiri majibu ndipo ununue chokaa ya kilimo ya kupunguza tindikali.