Jibu: Nimemaliza HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), nisome digrii ipi ya sheria ili niwe wakili?

Mkuu, kama unautaka uwakili, omba LLB (shahada ya kwanza ya sheria), basi. Pale UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) utakuta pia shahada ya utekelezaji wa sheria. Ina jina zuri na inamfaa anayewazia polisi au uhamiaji, ila haikufikishi uwakilini, na wengi huja kulijua hilo wakiwa mwaka wa pili.

LLB ya UDSM ni miaka 4. Mzumbe nako wanafundisha, na aliye kazini ana Chuo Kikuu Huria. Mimi jina la chuo halinisumbui sana, maana kisiki kiko mbele: Law School, yaani mafunzo ya vitendo ya uwakili baada ya digrii. Bila kupita pale huapishwi kuwa wakili. Kumbuka matokeo yaliyozua kelele 2022: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja ni 26! Kwa hiyo toka mwaka wa kwanza zoea kusoma hukumu zenyewe (zipo bure kwenye tovuti ya TanzLII) na uandishi wa Kiingereza, usitegemee "madesa" (notsi za kunakiliana) tu.

Pointi zikigoma, Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto, kuna diploma ya sheria, halafu utapanda LLB kutokea hapo. Umepata pointi ngapi?