Besi ya kwanza ya bei nafuu: angalia shingo kabla ya rangi

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Unasema mfuko ni mdogo, gitaa la kawaida unalijua juujuu, unataka besi ya umeme ya kuanzia, na rafiki yako amekutisha kwamba za bei ya chini ni kuni tu, heri usubiri mwaka mzima ununue yenye jina kubwa. Jibu fupi: usisubiri. Jibu refu ni hili hapa chini, na litakuwa refu kweli, maana hapo ulipo nilishapita, tena nilipita vibaya.

Besi yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa imetumika, nyekundu, inang'aa kama gari lililotoka kuoshwa. Muuzaji aliichomeka kwenye amplifaya kubwa, akapandisha sauti, akaupiga ule uzi mnene mara mbili, sakafu ikatetema, nami nikatoa hela. Shingo sikuigusa. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoona kwamba kati ya nyuzi na freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolala mapana kwenye shingo) penseli inapita bila kugusa kitu. Kuubana uzi hadi ushike freti ilikuwa kama kukamua blanketi lililolowa. Dakika kumi tu, mkono wa kushoto unawaka kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Mjuzi mmoja akaniambia nikaze chuma cha shingo. Nikieleze kidogo, kwa sababu ndicho kitu cha maana kuliko vyote katika gitaa la bei ndogo. Nyuzi nne za besi zikishakazwa huvuta shingo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, usiku na mchana. Mbao peke yake ingejikunja kama upinde. Kwa hiyo ndani ya shingo hupitishwa chuma kirefu chenye sehemu ya kukazia, ama upande wa kichwa cha gitaa, ama kule shingo inapokutana na mwili. Ukikikaza, shingo inanyooka kushindana na nyuzi. Ukikilegeza, inaachia na kuinama. Basi nikafungua kile kifuniko kidogo cha kichwani, nikachomeka spana ya pembe sita, ikazunguka hewani. Kona zote sita zilikuwa zimelika. Aliyelimiliki kabla yangu alilazimisha spana isiyo saizi yake hadi tundu likawa duara kama shimo la mchwa. Gitaa lile nililipiga miezi minane, muda wote nikidhani ubaya uko kwenye vidole vyangu.

La pili nalo lilikuwa limetumika. Rangi imechubuka pembeni, mtu aliwahi kubandika stika na kuzibandua nusunusu, hakuna aliyelitaka. Shingo ilikuwa imeinama kidogo lakini chuma kilizunguka. Nilikaza robo ya mzunguko, nikaliacha hadi kesho yake, nikakaza robo nyingine, nikashusha vile vipande vinavyobeba nyuzi kwenye daraja (kile chuma cha mwilini kinachoshika ncha za nyuzi), nikavalisha nyuzi mpya. Jioni ile nilipiga saa mbili mfululizo, nikaacha kwa sababu ya usingizi. Ni gitaa la kiwango kilekile na lile jekundu, mbao zilezile anazozidharau rafiki yako.

Kwa hiyo unapoenda kuangalia besi, mpya au iliyotumika, anza hivi. Liinue gitaa, weka jicho kichwani, tazama ubao wa vidole kuelekea kwenye daraja kama mtu anayelenga shabaha. Shingo iliyoinama kidogo na kwa usawa haina neno. Iliyopinda upande mmoja, yaani upande wa uzi mnene unaona mstari wake na upande wa uzi mwembamba unaona mstari mwingine kabisa, iache hapohapo, hata kama unapewa na begi bure. Kisha omba chuma cha shingo kijaribiwe mbele yako, robo ya mzunguko tu, kirudishwe. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu.

Halafu piga kila freti ya kila uzi. Ndiyo, zote, na wakuangalie watakavyo. Ikitoa mlio wa bati sehemu moja tu, huenda freti inayofuata, upande wa daraja, imeinuka. Ikilia bati sehemu nyingi, mara nyingi ni marekebisho tu. Usishtuke pia ukikuta noti moja inakufa haraka kuliko jirani zake kwenye uzi mwembamba, hapo karibu na freti ya 5 hadi ya 7. Hilo hutokea hata kwenye magitaa ya bei ya kutisha, ni jinsi shingo yenyewe inavyotetema.

Zungusha vitufe vyote vya sauti huku kebo imechomekwa. Mikwaruzo kidogo ni vumbi. Sauti ikikatikakatika ukitikisa jeki (ile ncha ya kebo inayoingia kwenye gitaa), hiyo ni kazi ndogo ya fundi, ila itumie kupunguzia bei. Na ukiona nati ya tundu la jeki imelegea, usiizungushe tu kutoka nje. Lishike tundu lenyewe kwa ndani kwanza. Mimi niliizungusha kijinga, waya wa ndani ukajisokota hadi ukakatika, besi ikawa bubu saa moja kabla ya mazoezi.

Mwisho livae na mkanda, simama, achia mikono. Kichwa kikidondoka chenyewe kuelekea sakafuni, mkono wako wa kushoto utakuwa kazi yake kubeba badala ya kupiga. Besi nyingi zina uzito wa kilo 4 hivi, na kwenye wimbo wa tano bega huanza kuhesabu.

Aina gani sasa? Umetaja zile mbili ambazo kila mtu huzitaja, Precision na Jazz. Precision ya Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, ilitoka 1951, na jina lake lilitokana na freti: mpigaji aliweza kupata noti sahihi bila kubahatisha kama kwenye lile fidla kubwa la kusimama. Jazz Bass ikafuata 1960, ina pikapu mbili na shingo iliyo nyembamba zaidi kichwani, milimita 38 hivi dhidi ya 41 au 42 za mwenzake. Pikapu nisemayo si gari, ni vile visumaku chini ya nyuzi. Viwanda karibu vyote vya bei nafuu vinaiga maumbo haya mawili, na Fender wenyewe wana jina lao la bei ya chini, Squier. Yamaha na Ibanez nao wana besi za wanaoanza ambazo nimezishika na sikuona cha kulalamikia. Mimi ningekupa Precision kwa sababu ina pikapu moja na vitufe viwili, hakuna cha kukuchanganya. Ila kama vidole ni vifupi, shika Jazz kwanza kabla hujanisikiliza.

Na kama hata hiyo inakushinda, kuna besi fupi. Urefu wa kawaida wa uzi kutoka kichwani hadi kwenye daraja ni inchi 34, kama milimita 864. Besi fupi ni inchi 30, milimita 762. Wapo wanaoziita za watoto, waache. Nyuzi tano sikushauri kwa sasa, utakuwa na uzi mmoja zaidi wa kuunyamazisha, na kunyamazisha nakuja huko.

Zenye betri ya volti 9 ndani hazina ubaya, ila kumbuka kuchomoa kebo ukimaliza. Kebo ikiwa ndani, betri inaliwa hata umelala.

Pesa utakayookoa kwa kununua besi ya kawaida, weka kwanza kwenye nyuzi na marekebisho. Unene wa 45 hadi 105 (hesabu ni ya elfu za inchi) unatosha kuanzia. Zile zilizozungushiwa waya wa mviringo zina sauti kali inayong'aa. Zile za waya bapa ni laini kwa vidole, sauti nene na ya kizamani. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, alitumia nyuzi bapa, hakuwa mtu wa kuzibadilisha, na alipiga zaidi kwa kidole kimoja tu cha shahada. Kwa hiyo mtu akikuambia bila nyuzi mpya kila mwezi huwezi kitu, mtajie huyo. Unapovalisha uzi mpya, ukunje kwanza pale unapotaka kuukata, ndipo ukate baada ya kona, ili waya wa nje usifunguke na kuua sauti.

Marekebisho unaweza kufanya mwenyewe. Tyuni kwanza. Bana uzi mnene kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja na pale shingo inapoungana na mwili kwa mwingine, kisha angalia nafasi kwenye freti ya 7 au ya 8. Ikipita kadi ngumu ya milimita 0.3 hivi, shingo iko sawa. Ikizidi sana, kaza. Ikikosekana kabisa, legeza. Robo ya mzunguko kila mara, spana ya saizi kamili, na ukihisi chuma kinagoma, simama umwone fundi. Urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12, milimita 2 hadi 2.5 ni pazuri. Baada ya hapo linganisha: gusa uzi bila kuubana juu kabisa ya freti ya 12 upate ile sauti ya filimbi, kisha ubane palepale upige. Noti ya kubana ikiwa juu kuliko ya filimbi, rudisha kipande cha daraja nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

Amplifaya, kwa kifupi. Ya gitaa la kawaida unaweza kuitumia chumbani kwa sauti ndogo, ila ukiipandisha unahatarisha spika yake. Uzi mnene ukiwa wazi hutetema mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo haijatengenezwa kwa kazi hiyo. Ndiyo sababu pia huisikii besi kwenye simu. Kwa mwaka wa kwanza, hedifoni nzuri na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye gitaa vinatosha. Amplifaya ya wati 20 ukiipeleka mbele ya mpiga ngoma, utaonekana unacheza tu vidole.

Sasa kupiga. Ukiwa umetoka kwenye gitaa la kawaida, utapiga noti nyingi mno na utapiga kwa nguvu mno. Punguza nguvu ya mkono wa kulia, pandisha sauti kwenye amplifaya. Hapo milio mingi ya bati hupotea yenyewe. Kwenye freti za mwanzo usijinyooshe kidole kimoja kila freti. Tumia shahada, cha kati na cha mwisho, kile cha pete kikimsaidia mdogo wake.

Lakini kilichonitesa mimi ni ukimya. Kwenye bendi yetu ya kwanza nilirekodi mazoezi kwa simu, nikasikiliza kwa hedifoni usiku. Noti zangu zilikuwa sahihi. Chini yake kulikuwa na mvumo usiokatika, kama jokofu kuukuu, wimbo mzima. Ilikuwa nyuzi nisizozipiga, zikitetema kwa kuitikia zile ninazopiga. Amplifaya haikuwa na kosa, besi haikuwa na kosa. Dawa ni hii: gumba la kulia lisikae pikapuni muda wote, literemke pamoja nawe. Ukipiga uzi wa pili, gumba lilale juu ya ule mnene. Ukishuka wa tatu, lifunike zile mbili za juu. Kidole kinachopiga kimalizie safari yake kwa kuegemea uzi wa jirani. Na vidole vya kushoto visivyo na kazi vilale juu ya nyuzi bila kubana, kama mkono juu ya mtoto aliyesinzia.

Zoezi lake nililolifanya wiki nyingi: metronomu (kile kifaa kinachogonga mdundo) kwenye 60 kwa dakika, noti moja, piga kwenye mdundo wa kwanza, izime kwenye wa tatu kamili. Kisha izime kwenye wa pili. Utashangaa jinsi kuzima kulivyo kugumu kuliko kupiga. Ukizoea, washa wimbo wowote uupendao, fuata ngoma ya mguu peke yake, noti mama ya kila kodi (zile noti zinazopigwa pamoja kwenye gitaa la kawaida), hakuna mapambo. Nilifanya hivyo na mpiga ngoma wetu, ambaye hasifii mtu, akaniuliza kama nimenunua besi nyingine.

Ukipata unayoitaka, kabla hujalipa ilenge kwa jicho kutoka kichwani kama nilivyosema, piga picha hapohapo, ibandike hapa kwenye mjadala huu. Picha ya mwili wake usihangaike nayo, rangi tutaiona siku nyingine.