Barua kwa mwanangu: Marangu hatujasongamana

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kama ripoti yako iandike kwamba huku kwetu Marangu, Kilimanjaro, "pamesongamana" au "pana watu wengi", simu ikakatika kabla sijajibu. Maneno hayo si mamoja, na naomba usiyachanganye.

Toka nje ya nyumba yetu saa nne asubuhi. Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani la ukoo, hakifiki ekari moja, kinapakana na cha baba yako mdogo, chake na cha shangazi, hivyo hivyo mpaka barabarani. Hakuna kipande kisicho na mwenyewe. Lakini utasikia kuku na jembe tu, mtu humwoni, migomba imewafunika wote. Tunaishi wengi hapa. Hatujasongamana.

Kariakoo je? Wanaolala pale ni wachache kuliko wanaopita mchana. Ingia Mtaa wa Kongo siku za kuelekea Idi, bega kwa bega, mkoba umeukumbatia kifuani. Hapo watu wamesongamana, au kama mnavyosema vijana, ni nyomi. Usiku wa manane mtaa ule ule ni mweupe.

Kisikilize kitenzi chenyewe. Kusonga ni kubana na kukandamiza, ndiyo maana ugali husongwa, na ile -mana ya mwisho ni ya kushikamana na kufungamana. Ndani yake mna miili inayobanana. Wingi huhesabu tu. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728. Humo wamo wanaolala sita chumba kimoja, wamo na wenye bustani pana.

Umati ni kitu kingine kabisa, maana hauna makazi: hukusanyika msibani au mkutanoni, kisha hutawanyika.

Najua kwenye takwimu huandikwa "msongamano wa watu kwa kilomita ya mraba". Limeshazoeleka, libaki kwenye jedwali. Kwenye maelezo andika "wakazi ni wengi, ardhi ni ndogo". Mkubwa wako akisoma "pamesongamana" atafikiria kutuhamisha. Akisoma hivyo nilivyokuandikia, huenda akafikiria mifereji ya maji na vijana wasio na pa kulima, na hilo ndilo linalotusumbua.

Nitumie ukurasa huo niusome kabla hujaupeleka. Na Desemba usisubiri wiki ya Krismasi kukata tiketi, stendi zitakuwa zimefurika.

Mama yako