Pamba asilimia mia, na bado unatetemeka

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mhasibu katika ofisi moja ya Posta, Dar es Salaam. Natoka Kimara kwa mwendokasi, na nikishuka mgongo wote umelowa. Ofisini kiyoyozi kimewekwa 18. Dakika kumi tu nimeshaanza kutetemeka, vidole vinakataa kuandika. Niliambiwa tatizo ni poliesta, nikagawa blauzi zangu zote, nikanunua nane za pamba asilimia mia. Hali imezidi kuwa mbaya. Sasa kuna dada anauza fulana za mianzi, anasema zinarekebisha joto la mwili. Moja elfu 85. Ninunue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue, na sababu yake nitaifikia. Kwanza ningependa kumjua aliyekuambia ugawe blauzi zako, maana huyo mtu nakutana naye kila mahali. Kaskazi ikianza tu kuvuma, kuanzia Desemba, naletewa swali hili hili, na ndani yake yumo yeye na dawa yake moja: "Vaa pamba." Kichwa kinauma, vaa pamba. Mtoto ana vipele, vaa pamba. Nimefanya kazi ya vitambaa maisha yangu yote, pamba naipenda, lakini ushauri huo umeshanichosha.

Kinachokutetemesha ni maji uliyoyabeba mgongoni kutoka Kimara. Wewe ni mhasibu, tupige hesabu. Blauzi ya pamba ya kawaida ina gramu 150 hivi. Ndani ya basi lililojaa ikinywa jasho gramu 50, sawa na vijiko vikubwa vitatu na kidogo, haitadondosha hata tone. Utaisikia tu imekuganda kwenye uti wa mgongo na chini ya mkanda wa sidiria. Kila gramu ya maji inapokauka huondoka na joto la kilojuli 2.4 hivi, kwa hiyo gramu 50 ni kilojuli 120. Zikikauka kwa saa moja, ni sawa na wati 33 mfululizo. Mwili wa mtu aliyekaa mezani anaandika hutoa wati 100 tu au zaidi kidogo. Joto hilo halichotwi lote mwilini, lingine hutoka kwenye hewa ya chumba. Lakini hata ukikatwa nusu yake, mshahara wako wa joto umepungua kabla hujafungua kompyuta.

Na kwa nini jasho halikukauka njiani? Kwa sababu hewa ya Dar mwezi wa Februari imeshiba unyevu, haina pa kuweka maji mengine. Kiyoyozi kinapopoza hewa kinaikamua pia. Ndiyo yale maji unayoyaona yakichuruzika kwenye kibomba nje ya ukuta. Basi unaingia kwenye hewa kavu, tena inapulizwa, na jasho lililogoma kukauka tangu Ubungo linakauka lote kwa mpigo, gharama juu yako.

Hapo ndipo blauzi zako nane zinapokuponza. Gramu 100 za pamba, ukiishika unasema kavu kabisa, zina gramu 8 hivi za unyevu ndani yake. Poliesta haifikishi hata nusu gramu. Mtu akisikia hivyo anashangilia: pamba inanyonya! Inanyonya kweli, ndiyo maana taulo ni za pamba. Sasa nani anakwenda kazini amejifunga taulo bichi?

Bibi yangu hakuwahi kusikia "asilimia mia". Alijua merikani, bafta, kaniki, melimeli. Zote hizo ni pamba. Merikani ilikuwa nzito, ya kuvumilia shamba na sabuni. Melimeli ilikuwa nyembamba, ukiiinua juani unauona mkono wako upande wa pili. Mtu aliyeingia dukani akasema "nipe pamba" angeulizwa: pamba ipi, ya godoro? Watu wale walitaja nguo kwa uzito na ufumaji wake kwa sababu ndivyo ngozi inavyoitambua nguo. Sisi tumekuja kuisoma nguo kwa lebo, na maneno yote yale yamemezwa na moja, "cotton", linalotamkwa kana kwamba ni cheti. Jinzi ni pamba. Ivae ukae Manzese saa saba mchana, halafu uje uniambie habari ya pamba.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni uzi gani, uliza uzito. Huhitaji maabara. Mwombe fundi cherehani akukatie kipande cha sentimita 10 kwa 10, mpelekee sonara akipime kwenye mizani yake ya dhahabu, na namba utakayopata uizidishe kwa 100. Ndiyo gramu kwa mita ya mraba. Kipande cha jinzi nzito kitasoma gramu 4, yaani 400 kwa mita. Cha blauzi nyepesi kitasoma gramu moja, pengine na pointi. Kisha kishike kielekee dirishani uangalie mtande na mshindio, nyuzi za wima na za kukingama. Zimeachana, upepo unapita. Zimebanana, haupiti. Halafu dondosha tone la maji. Likitandaa papo hapo, kitambaa kinanyonya. Likikaa juu kama ushanga, hakinyonyi. Vipimo hivi vitatu vimenifaa kuliko lebo zote nilizosoma, na nimesoma nyingi za uongo.

Sasa wewe. Dawa yako ni ya bure na kwa sababu hiyo hutaipenda: safiri na nguo moja, ukifika ubadilishe. Panda basi na fulana nyembamba, ingia msalani, futa mgongo na kwapa kwa kitambaa kikavu, ndipo uvae blauzi ya ofisini. Usiirudishe ile ya safari mwilini mpaka jioni. Watu wanaoniletea tatizo hili wakinisikia nasema hivi hukunja uso, wakataka nitaje kitambaa. Haya, nakitaja. Fulana ya safari iwe ya poliesta ya michezo, iliyofumwa kwa vitundu kama jezi. Ndiyo, ile ile poliesta uliyoigawa. Maji hayaingii ndani ya uzi wake, yanatambaa juu juu na kukauka upesi, na wachezaji mpira hawavai pamba siku hizi kwa sababu hiyo hiyo. Inashika harufu, sikatai. Ifue kila siku.

Kama huwezi kabisa kubadilisha, vaa sufu. Najua umecheka. Sufu Dar es Salaam! Lakini sufu inayouzwa kwenye mablanketi si ile nyembamba ya kondoo wa merino, yenye nyuzi laini zisizowasha. Hiyo ya merino huhifadhi gramu kama 16 za unyevu katika kila gramu 100 bila kukuganda mwilini, mara mbili ya pamba. Ukiwa na subira, pekua marundo ya mtumba pale Karume. Sweta jembamba la sufu huuzwa humo bei moja na sweta la plastiki, kwa sababu muuzaji naye hajui alichonacho.

Tabaka la nje ni kinyume cha la ndani: lifumwe kwa kubana, ili pumzi ya kiyoyozi isipenye. Koti jepesi la gabadini linafaa. Khanga uliyoiweka kwenye droo, na najua unayo, inafaa pia ukiikunja mara mbili begani, kwa kuwa katikati ya mikunjo inashika hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayotunza joto. Ila ukiitupia juu ya blauzi iliyolowa umefunika maji tu. Wanaovaa baibui la nida nao wananiuliza sana. Nida ni poliesta na haina kosa kubwa. Angalieni mlichovaa chini yake.

Kuhusu hiyo 18, zungumzeni na mwenye rimoti. Mara nyingi ni bosi aliyevaa suti kamili, na suti kamili ina kinga mara mbili ya blauzi na sketi nyepesi. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi walionyesha kwamba hesabu zinazotumika kupangia joto la maofisi zilijengwa juu ya mwili wa mwanamume wa kilo 70, zikakadiria vibaya joto linalozalishwa na mwili wa mwanamke. Japani tangu 2005 serikali inawahimiza watumishi wavue tai na koti wakati wa kiangazi, na viyoyozi viwekwe 28. Kwetu 24 ingetosha kuwaokoa wengi, lakini haya ni mambo ya utawala.

Na kama unasikia baridi hata ukiwa nje, mchana, jua la utosi, achana na mimi nenda hospitali wakupime damu na tezi ya shingo.

Turudi kwa dada wa mianzi. Mianzi haifumwi kama unavyodhani. Inasagwa, inayeyushwa kwa kemikali mpaka inakuwa uji, uji unasukumwa kwenye vitundu vidogo ndipo unatoka uzi. Uzi huo unaitwa viskosi, na ukiutengeneza kwa mti mwingine wowote unapata viskosi ile ile. Mwaka 2022 tume ya biashara ya Marekani iliwabana wenye maduka makubwa mawili kwa kuuza viskosi kama mianzi, wakakubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5. Na viskosi inakunywa maji kuliko pamba, na ikilowa inalegea. Kwa maneno mengine, anakuuzia kwa elfu 85 taulo bichi zaidi ya lile ulilonalo.

Hayuko peke yake. Wapo wa fulana za ioni, wa mikanda ya sumaku, wa soksi za madini "yanayofukuza baridi ya mifupa". Wapo wa "silki ya barafu", ambayo kwa kawaida ni nailoni au viskosi laini. Ukiigusa dukani inaburudisha kwa sababu ulaini wake unaigusa ngozi yote na kuchota joto upesi, na ikishapata joto lako mchezo umekwisha. Hata teknolojia ya kweli ina mipaka. Kuna vitambaa vyenye vitonge vidogo mno vya nta vinavyonyonya joto vikiyeyuka na kulirudisha vikiganda, kazi iliyoanzia kwenye tafiti za nguo za wanaanga. Vinafanya kazi dakika chache, nta ikimaliza kuyeyuka imebaki nta tu. Anayekuahidi siku nzima anakudanganya.

Usitishwe pia na kiberiti. Wauzaji wengi siku hizi wanachoma uzi mbele yako: ona, unawaka kama karatasi, jivu laini, pamba safi! Kipimo hicho kinaifichua poliesta, kwa sababu yenyewe hujikunja, huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu. Viskosi nayo inawaka kama karatasi, kwa hiyo hakikuambii kama ulichoshika ni pamba au ni ile mianzi ya elfu 85. Kisha tazama uzi unatoka wapi. Nilisimama dukani Kariakoo, robota la "kitani halisi" mbele yangu, kijana akachoma uzi vizuri kabisa, moshi ukanuka karatasi kama inavyotakiwa. Nikamwomba achomoe mwingine, safari hii katikati ya kitambaa. Akacheka, akaita mteja wa nyuma yangu. Ule wa kwanza aliutoa kwenye mfuko wa shati lake.

Blauzi zako nane usigawe tena, zitakufaa ofisini ukizivaa kavu. Na siku nyingine ukinunua kitambaa, muulize muuzaji kina gramu ngapi kwa mita. Jibu utakalopata ni "hii orijino, dada".